Uvumilivu wa Mungu Hushika Jembe

Mimi ni karani wa parokia huku kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Nilisomea ualimu, nikamaliza Chuo mwaka 2013, nikangoja ajira pamoja na wenzangu wengi, nayo haikuja. Ndipo paroko akaniita, akasema, "Mwandiko wako mzuri, njoo utusaidie ofisini miezi mitatu." Miezi ile mitatu imekwisha kuwa miaka kumi. Wazee huniita "mwalimu" hata leo, ingawa darasa sina.

Karani wa parokia ni mtu wa madaftari. Liko la ubatizo, la kipaimara, la ndoa na la marehemu. Lililo kubwa kuliko yote ni la ubatizo, maana Sheria ya Kanisa yaagiza kwamba Mkristo akipata kipaimara, akifunga ndoa, akipewa daraja takatifu au akiweka nadhiri za daima, habari hiyo iandikwe pembeni mwa jina lake, pale pale alipoandikwa siku ya ubatizo. Kwa hiyo ukifungua ukurasa wa zamani waweza kuona maisha ya mtu mzima katika mstari mmoja. Kurasa zetu za zamani zimeandikwa kwa Kilatini, kwa wino wa kuchovya, na mkono wa Mmisionari aliyekwisha kufa kabla sijazaliwa. Pembeni kuna nafasi. Nyingine zimejaa. Nyingine zimekaa tupu miaka arobaini, hamsini, kisha ghafula wino mpya: amefunga ndoa, mwaka fulani, akiwa mzee wa mvi.

Nami kila nilipoziona nafasi hizo nilikuwa nikisema moyoni, "Kweli Mungu ni mvumilivu." Nilisema hivyo kama mtu asemavyo kwamba masika ya mwaka huu ni makubwa: ni kweli, lakini yeye yuko ndani, halowi. Nilidhani uvumilivu wa Mungu ni kukaa na kungoja tu, kama abiria kituoni. Leo nataka kuwasimulia jinsi nilivyojifunza vingine, na aibu niliyoipata. Wenyewe wameniruhusu kusimulia. Majina yao siyataji.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 26 Machi mwaka 2019, wakati wa Kwaresima. Ofisi ilijaa watu. Walikuwapo akina mama waliotaka kuandikisha watoto wao kwa ubatizo wa Pasaka, vijana waliofuata vyeti vya kupeleka shule, na wachumba wawili wa kutangazwa Dominika. Akaingia mzee mmoja, umri wake kama miaka sabini, kofia mkononi. Zamu yake ilipofika akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, tunataka kubariki ndoa yetu, mimi na mama."

Wale vijana wakacheka. Mimi sikucheka, lakini nilifanya vibaya kuliko kucheka. Nikamwomba barua ya mwenyekiti wa jumuiya. Hakuwa nayo. Nikafungua daftari la zaka la jumuiya yake mbele ya watu wote, nikapitisha kidole kwenye jina lake, nikaona halina alama kwa miaka mingi. Nikamwambia, na wote wakisikia, "Mzee, miaka yote hii ulikuwa wapi?"

Akajibu, "Nilikuwa nyumbani, mwalimu."

"Basi, kalete barua kwanza, ulipe na unachodaiwa, ndipo tuzungumze."

Akasema, "Haya, mwalimu." Akavaa kofia yake akiwa bado ndani ya mlango, akaenda.

Sipingi barua ya jumuiya, wasomaji wapenzi. Ni utaratibu mzuri. Umewazuia watu wengi kufunga ndoa mbili. Na zaka ni wajibu wetu. Lakini utaratibu hausemi wenyewe, husema kwa mdomo wa mtu, na mdomo ule siku ile ulikuwa wangu. Nakiri pia kwamba jioni nililala vizuri kabisa.

Miaka minne ikapita. Mwaka 2023 paroko akaniagiza ninakili madaftari ya zamani katika kompyuta, maana unyevu na wadudu walikuwa wanakula kurasa. Nikawa nikifanya kazi hiyo alasiri, mwaka mmoja baada ya mwingine. Nilipofika mwaka 1949 nikalikuta jina la mzee yule. Mtoto wa ndoa halali, amebatizwa siku tatu baada ya kuzaliwa, jina la baba, jina la mama, jina la msimamizi. Pembeni kipaimara mwaka 1961. Halafu nafasi tupu.

Nikaikumbuka ile kofia. Nikahesabu: tangu alipotoka mlangoni kwangu hajarudi, na mimi sijamwuliza mtu yeyote habari zake.

Jioni nikamwuliza katekista wa kigango chake, "Fulani yupo?"

"Yupo, lakini haji."

"Kwa nini haji?"

Katekista akanitazama. "Mwalimu, si wewe unayejua?" Kumbe wale waliokuwapo ofisini siku ile waliyachukua maneno yangu mpaka kwenye kilabu cha mbege, na tangu hapo mzee akipita njiani watu humwita "bwana harusi". Akaacha kupita njia ile. Akaacha na kanisa, maana njia ni hiyo hiyo.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikamsimulia mama yangu mzazi, mwanamke asiyejua teolojia hata kidogo. Akaendelea kuchambua maharage, kisha akasema, "Unakaa hapa unafanya nini? Nenda mpakani ukachume isale."

Wasomaji wa mbali hawatajua maana yake. Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba vyetu. Kwa desturi ya Wachagga, mtu aliyekosa huchuma jani la isale, akalifunga fundo, akaenda nalo kwa aliyemkosea. Ni vigumu sana kumkatalia mtu aliyekuja na isale. Babu zetu walilijua jambo hili kabla Wamisionari hawajafika Kilema mwaka 1890, nami naona kwamba Mungu hakungoja meli ya Wamisionari ndipo aanze kutufundisha msamaha.

Nikaenda Jumamosi alasiri. Njiani nilimkuta mama mtu mzima amejitwika mzigo mkubwa wa majani ya ng'ombe. Nikamwamkia, nikampokea mzigo, tukafuatana bila maneno mengi, mpaka nikaona anaingia katika kihamba kile kile nilichokuwa nakiendea. Ndiye mkewe. Alipojua mimi ni nani akaingia ndani, asitoke tena siku ile.

Mzee alikuwa amekaa nje. Nikasema, "Shikamoo, baba." Akaitika. Nikanyosha mkono wenye isale. Hakulipokea upesi. Alilitazama jani lile, akanitazama mimi, kisha akasema, "Umekuja kuniuliza nilikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu, na machozi yalikuwa karibu. Baada ya kitambo akalipokea, akaliweka kando yake juu ya benchi, akasema, "Haya, kaa. Umebeba majani, utakunywa maziwa."

Sikutaja ndoa siku ile, wala safari ya pili. Safari ya tatu nilimkuta kwenye mibuni yake, na hapo ndipo alinieleza mwenyewe.

Yeye na mkewe walianza maisha mwaka 1976. Mahari ililipwa kwa desturi, na walikuwa wanajiandaa kwa ndoa ya kanisani. Mwaka 1978 mtoto wao wa kwanza alizaliwa dhaifu, akafa siku ya nne bila kubatizwa. Wakamzika kihambani. Siku ya maziko mtu mmoja aliyekuwa na madaraka katika kanisa, si wa parokia hii, naye amekwisha kufa, alimwambia mama yule kaburini neno ambalo sitaliandika katika gazeti linalosomwa na watoto. Lilihusu mahali alipokwenda mtoto wake. Mama hakulia. Alisema tu kwamba yeye hataingia tena katika ofisi ya watu wa namna hiyo kuomba kitu. Akaendelea kusali rozari nyumbani, akawalea watoto wengine watano, akawaacha wabatizwe. Lakini ndoa ya kanisani alikataa.

"Nami sikumlazimisha," mzee akasema. "Kila mwaka Pasaka ikifika nilimwuliza mara moja. Akikataa, nanyamaza mpaka Pasaka nyingine."

Nikamwuliza kama hakuchoka. Akasema alichoka sana, lakini kidonda ni cha mama, si chake. Yeye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kuna kuni, kuna maji, na kwamba hakuna mtu anayemsema mkewe mbele yake. Na kaburi dogo lile alilipalilia mwenyewe kila msimu, asimwachie mtu.

Kisha mwaka 2019, wiki moja baada ya Kwaresima kuanza, kabla hajamwuliza, mama mwenyewe alisema, "Haya, nenda kaulize wanataka nini."

Miaka arobaini na mmoja. Akavaa shati safi akaja, akanikuta mimi.

Ndugu msomaji, nilisimama katikati ya mibuni ile nikaona nilichofanya. Niliyemwona mzembe alikuwa amevumilia kuliko sisi sote tuliokuwa ofisini. Na tunda lilipotokea, mimi ndiye niliyekuwa zamu.

Mzee hakuongeza neno. Alikuwa akikata mibuni iliyozeeka, akaendelea. Kwa wasiojua kilimo hiki: mbuni ukizeeka matawi huwa marefu na punje huwa chache. Hung'olewi. Hukatwa shina kwa msumeno, kama kufika gotini, kwa kuinamisha mkato ili maji ya mvua yasikae juu yake yakaozesha. Shina huchipua. Machipukizi huwa mengi, mkulima huchagua mawili au matatu yenye nguvu, mengine huyaondoa. Halafu hungoja kama miaka miwili ndipo apate mavuno ya maana. Katika miaka hiyo hapati shilingi kwa mti ule, lakini huutumikia kuliko inayozaa: samadi ya zizini, matandazo ya majani ya migomba, palizi, kuangalia wadudu.

"Ukikata ukaenda zako," mzee akaniambia, "hapo umeua. Wala usiseme unangoja. Anayengoja yuko hapa na jembe."

Nilipokuwa narudi nyumbani ndipo nilipoukumbuka mfano wa Bwana Yesu katika Injili ya Luka, sura ya 13. Mtu alikuwa na mtini katika shamba lake la mizabibu. Miaka mitatu akaja kutafuta matunda, asipate, akaamuru ukatwe usije ukaichosha ardhi bure. Mtunza shamba akamwombea mtini ule mwaka mmoja tena. Mfano huu nimeusikia tangu utoto, na sikuzote nilichosikia ni ule mwaka mmoja, yaani muda. Sikuwa nimesikia sehemu ya pili. Mtunza shamba hakuomba muda mtupu. Aliahidi kwamba yeye mwenyewe atapalilia kuuzunguka mti na kuutia samadi. Yaani aliyeomba huruma ndiye aliyejitwika kazi, tena kazi ya kuchafuka mikono.

Tazameni pia bwana shamba amengoja kiasi gani. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 19, Waisraeli waliagizwa wasile matunda ya mti mpya miaka mitatu ya kwanza, na ya mwaka wa nne yawe ya Bwana. Huenda basi mtini ule ulikuwa umekwisha kungojwa muda mrefu kuliko tunavyodhani. Na jambo jingine: Bwana Yesu hakusema mwisho wake. Hatujui kama mtini ulizaa. Tunajua tu kwamba kulikuwa na mtu pale chini amepiga magoti na samadi.

Sasa sikieni lililonichoma zaidi. Mfano huu husomwa katika Misa Dominika ya tatu ya Kwaresima kila mwaka wa tatu, ule tunaouita Mwaka C. Nilipofika ofisini nikatafuta kalenda ya liturjia ya mwaka 2019. Ulikuwa Mwaka C. Dominika ile ilikuwa tarehe 24 Machi. Niliusikiliza mfano wa mtini nikiwa nimekaa benchi la mbele, na siku mbili baadaye, Jumanne, nikamfukuza mzee.

Nilimweleza paroko yote. Hakunigombeza, ila aliuliza swali moja: kaburi la mtoto liko wapi? Juma lililofuata alikwenda mwenyewe, kwa miguu, maana njia ya kule ni ya utelezi. Akamweleza mama yule mafundisho ya Kanisa kwa upole. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inawakabidhi watoto waliokufa bila ubatizo kwa huruma ya Mungu, ambaye anataka watu wote waokoke, na kwa upendo wa Yesu kwa watoto wadogo. Na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Kanisa ilitoa andiko refu juu ya jambo hili hili, ikionyesha sababu kubwa za kutumaini kwamba watoto hawa wanaokolewa. Tena Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yakubali kwamba mtoto ambaye wazazi wake walikusudia kumbatiza, akafa kabla, anaweza kufanyiwa maziko ya Kanisa kwa ruhusa ya Askofu. Haya yapo katika vitabu miaka mingi. Hakuna aliyekuwa amepanda mlima ule kumpelekea yule mama.

Paroko akasali kaburini. Mama akataja jina la mtoto, na mzee akaniambia baadaye kwamba hajalisikia kinywani mwake tangu mwaka 1978.

Baadhi ya watu katika jumuiya hawakufurahi. Mwenyekiti alinijia akisema, "Sisi tunaolipa zaka kila mwezi, paroko hatufuati nyumbani. Huyu asiyelipa anafuatwa kwa miguu." Nilimwelewa sana, maana huyo ndiye mimi wa mwaka 2019. Tukasoma pamoja kitabu cha Yona, ambacho ni kifupi, chaisha kabla chai haijapoa. Yona hakukasirika kwa sababu Mungu ni mkali. Alikasirika kwa sababu Mungu ni mpole. Alikuwa amekaa nje ya mji wa Ninawi akitazama kama utaangamizwa, akasikitikia mmea uliomtilia kivuli kwa siku moja, wala hakuwasikitikia watu zaidi ya 120,000 waliokuwa ndani. Nacho chaisha na swali la Mungu tu. Jibu la Yona halikuandikwa. Mwenyekiti akacheka, akasema, "Mwalimu, umeniweka chini ya mmea." Barua ya mzee aliiandika yeye mwenyewe wiki ile.

Tangu hapo nimekuwa nikifikiri sana juu ya kazi ya mtu anayekaa mlangoni. Sisi tunaotumikia ofisini tunadhani utakatifu uko altareni, na sisi tuna mihuri tu. Lakini Mtakatifu Yosefina Bakhita alikuwa bawabu. Aliibiwa utotoni huko Darfur katika Sudan, akauzwa mara kadhaa, akateswa hata akalisahau jina alilopewa na wazazi wake. "Bakhita" ni jina alilopewa na waliomteka. Mwaka 1885 alifikishwa Italia, na tarehe 29 Novemba 1889 mahakama huko Venice ikatamka kwamba yeye si mtumwa. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akaweka nadhiri katika shirika la Masista Wakanosa mwaka 1896. Kutoka mwaka 1902 aliishi Schio, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia. Alipika, alishona, alitunza vyombo vya ibada, alifungua mlango. Watoto wa shule walipopita mlangoni asubuhi aliwawekea mkono kichwani. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza Mtakatifu.

Mwanamke aliyefungiwa kila mlango duniani akapewa kazi ya kufungulia wengine, akaifanya bila kulipiza kisasi kwa mtu hata mmoja. Imeandikwa pia kwamba alikuwa akilibusu birika la ubatizo alipobatizwa. Mimi hukaa siku nzima na madaftari ya ubatizo nikiwagombeza watu kwamba wasiyaguse kwa mikono michafu.

Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliandika katika waraka wake wa mwaka 2013, Furaha ya Injili, kwamba Kanisa si forodha, bali ni nyumba ya Baba yenye nafasi kwa kila mtu pamoja na shida zake. Sisi wa mipakani tunaijua forodha. Ukipita Holili unaelekea Taveta unajua maana ya kusimama na mfuko wako mbele ya mtu mwenye mhuri.

Basi, nimebadilisha mambo machache, wala si makubwa. Benchi nimeliondoa pale nje kwenye jua nikaliingiza ndani. Daftari la zaka silifungui tena mbele ya watu. Mwenye deni huitwa pembeni. Mzee akija, mimi ndiye nasimama kwanza kumwamkia. Barua ikipungua, kama ni karibu, naifuata mwenyewe jioni. Cheti cha ubatizo cha mama yule kilikuwa katika parokia ya jirani, nami nilikwenda kukichukua kwa bodaboda, nikalowa hadi mifupani. Ni mambo ambayo mtoto wa darasa la tatu angeweza kunifundisha. Yanachukua kama dakika tano kwa kila mtu, na kwa dakika hizo tano nilikuwa nikiona kazi inachelewa.

Wala msidhani nimekuwa malaika. Mwaka jana nilimfokea kijana aliyeleta picha zenye rangi isiyotakiwa, akatoka amekasirika, nikalazimika kumkimbilia mpaka barabarani. Alikuwa ameshapanda pikipiki. Nilimpigia simu mara tatu ndipo akapokea. Isale halipiti kwenye simu, ikabidi nitumie maneno matupu.

Na ile ndoa? Najua msomaji anangoja. Barua ipo, cheti kipo. Mzee yuko tayari, lakini mama bado, naye mzee hamsukumi, nami nimejifunza kutosukuma. Huenda kwao mara moja kwa mwezi. Tunakata mibuni au tunapeleka samadi. Ile aliyoikata mwaka 2023 sasa imerefuka kunipita mimi, na mwaka huu kwa mara ya kwanza imezaa vizuri.

Mwezi wa Machi mwaka 2025 Injili ya mtini ilirudi tena, maana ulikuwa Mwaka C. Mzee alikuwapo kanisani, benchi la nyuma, na kofia yake. Mama hakuwapo.

Lakini mwezi wa Juni, siku ya Alhamisi, wakati ofisi haina watu, nilisikia hodi. Alikuwa yeye, na kikapu cha ndizi mkononi. Nikasimama, nikasema, "Shikamoo, mama." Akaitika, akabaki amesimama mlangoni kwa muda. Kisha akaingia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1978.

Akaniomba nimwonyeshe mahali mumewe alipoandikwa. Nikafungua mwaka 1949, nikaweka kidole chini ya jina. Kilatini hakijui, na mimi pia chanishinda, lakini jina la mumewe alilitambua. Akauliza ile nafasi iliyoachwa pembeni ni ya nini.

"Hapo ndipo ndoa huandikwa, mama. Jina lako litakaa hapo."

Akaitazama. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kama mtoto wake naye ameandikwa mahali. Nikamwambia katika daftari la ubatizo hayumo. Lakini lipo daftari la habari za parokia, ambalo paroko huandika mambo yaliyotokea, na siku aliyosali kaburini aliandika. Nikalifungua, nikamsomea mistari miwili ile, na jina la mtoto lilikuwamo. Akaniomba nimsomee tena. Nikasoma tena.

Akavuta upande wa kanga akajifuta uso. Akasema kahawa imekaribia, mikono yote yatakiwa shambani, pengine ikishachumwa watakuja pamoja. Mimi kwa furaha nikashika kalamu, nikamwuliza kama niandike tarehe, ili tangazo la kwanza lipangiwe Dominika.

Akaziweka ndizi juu ya meza yangu, akachukua kikapu chake.

"Usiharakishe, mwalimu," akasema.